Kadi ya dada yako

Shemeji, nimetoka kwenye ule mkutano wa kujadili zahanati, wa kukaa duara.

Kila mtu kapewa kadi aandike tatizo moja. Nikaandika kwa mwandiko wangu wa darasa la tatu: "Mke wangu alifia mlangoni pa zahanati. Ilikuwa imefungwa."

Mwendesha mjadala akaisoma, akaibandika ukutani chini ya "Mengineyo".

Mengineyo, shemeji. Dada yako.

Nikauliza kwa nini. Eti, "Mzee wangu, hayo ni maumivu, leo tunatafuta suluhisho." Mganga mkuu wa zahanati anamkubalia kwa kichwa kama mjusi.

Nikaibandua, nikaenda kuibandika kwenye mlango wa zahanati. Saa tano asubuhi, kufuli. Wauguzi wote wako ukumbini, wanajadili namna ya kutuhudumia.