Tundu Kwenye Ukuta wa Mionzi

Jumatatu, 4 Agosti
Ombwe ndani ya bomba la mashine ya mionzi limeshika vizuri. Hilo halina neno. Shida ni ukuta.

Mhandisi amepitisha bomba la kiyoyozi ukutani moja kwa moja. Kwenye mchoro lilipinda mara mbili, ili mionzi igonge zege isitoke. Nimeingiza ukuta kwenye programu jinsi ulivyojengwa kweli, nikaiacha irushe mionzi ya kubuni. Mstari mwekundu umechomoza tunduni kama maji kwenye mpira wa kumwagilia. Umeishia chumba cha kufulia nguo za hospitali, anakoshinda Kabula na wafuaji wenzake kutwa nzima.

Wagonjwa wa saratani wanaanza kutibiwa wiki ijayo. Kwa ukuta huu?

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwonyesha mkurugenzi. "Hizo ni katuni za kompyuta," kasema. Mgeni rasmi wa uzinduzi keshaalikwa. Anataka saini yangu kwamba ukuta ni salama, maana mwanafizikia wa mionzi hapa ni mimi tu. Nimekataa. Nimetaka na chumba cha kufulia kifungwe mpaka ukuta urekebishwe. Kanitazama kama nimemtemea mate. Mhandisi kacheka.

Namchukia mhandisi. Nayachukia mpaka meno yake.

Jumatano, 6 Agosti
Habari imefika nyumbani Gongoni kabla yangu. Kaka Hamisi hakuningoja hata nivue viatu.

"Unamfungia mama mlango kwa sababu ya wafua nguo?"

Mama ana saratani ya mlango wa kizazi. Aliambiwa aende Mwanza, akasema atasubiri mashine yetu. Ya binti yake. Alijisifu kwa majirani.

Nikamwambia Hamisi wale nao ni mama za watu. Akasukuma sahani, ugali ukadondoka chini. Mama akaokota tonge tonge. Heri angenitukana.

Alhamisi, 7 Agosti
Leo nilijaribu. Kwenye programu nikauandika ukuta mnene kuliko ulivyo na tundu nikaliziba. Mstari ukapotea. Picha safi kabisa. Nikaitazama muda mrefu.

Nimeifuta.

Kabula alinisubiri getini. Chumba kimefungwa, wamerudishwa majumbani bila malipo. Nilidhani amekuja kushukuru. Mjinga mimi.

"Dada, nina mimba, siumwi. Nani alikutuma utuonee huruma?"

Kaondoka bila kwaheri.

Ijumaa, 8 Agosti
Mkurugenzi kampata mwanafizikia mwingine, yuko Dar. Kamtumia michoro na vipimo, asaini yeye. Yule bwana kaendesha programu yake mwenyewe, kisha kanipigia mimi.

"Nani katoboa ukuta namna hii?"

Na yeye hasaini.

Jioni mkurugenzi kaandika kwenye kundi la ofisi kwamba uzinduzi umeahirishwa "kwa uzembe wa mtaalamu wetu". Kisha kanitoa kundini. Mwoga. Ukuta utabomolewa, ila lawama nibebe mimi.

Jumapili, 10 Agosti
Hamisi kampeleka mama Mwanza kwa basi la alfajiri. Nilikuwa nimefunga begi langu. Kanizuia mlangoni.

"Wewe baki na ukuta wako."

Ningemzaba kibao. Mama alikuwa anatazama, nikajizuia. Mama mwenyewe kanipa mkono juu juu, ncha za vidole tu. Kakonda. Pete inamvuka.

Akifa kule watasema nimemuua mimi. Nami sitakuwa na programu ya kuwaonyesha.

Alhamisi, 21 Agosti
Mafundi wanachimba njia mpya ya bomba, yenye kona mbili. Vumbi jengo zima. Mhandisi hanisalimii, nami simsalimii. Wafua nguo wamepewa chumba upande wa pili. Kabula kanipita na beseni, kanyoosha shingo. Haya.

Hamisi kapiga mchana. Hakunisalimia. Kampa mama simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Ameanza mionzi jana. Mwili hauna nguvu, ila uji unakaa tumboni. Nikangoja aniseme. Hakunisema.

"Wanakufungia peke yako," kasema. "Mashine inanguruma. Nasoma sura ya Kulhuwallahu mpaka inyamaze."

"Unaogopa?"

"Kidogo."

Hakukata simu.

Hamisi bado simtaki machoni. Nimefagia chumba cha mama, nikakung'uta mkeka, nikatandika shuka safi.