Walioitika Mkunguni

Mkunguni,
8 Septemba 1956

Kwa Bi Mashavu binti Simai, Kiponda, Mjini.

Iwafikie wa karibu na wa mbali, wa mashamba na wa mjini: kanisa la Mkunguni limepata ufagio mpya.

Ama baada ya tangazo hilo, mdogo wangu, hujambo? Mimi mzima, ila goti la kushoto, linalotabiri mvua na kukosea.

Kanisa halina Wakristo tena, unajua. Walihamia mjini, popo wakarithi. Sasa padri amelifanya nyumba ya kumbukumbu, watu waje watazame vitu vya zamani: mnyororo, taa, na daftari la waliokombolewa utumwani wakabatizwa hapa. Mlinzi ni mimi. Nlimwambia, "Padri, mie Muislamu." Akasema, "Ndiyo maana. Hutagombania kukaa mbele."

Kila Alhamisi alasiri nnalianika daftari lisiliwe na mchwa, na kwa upweke nnasoma majina kwa sauti. Juzi, ukurasa wa tisa, nikasoma "Tufaha". Nyuma ya mlango sauti ya mwanamke ikaitika: "Labeka." Nikatazama, hakuna mtu. Nikarudia, ikarudia. Ina adabu kuliko wanao.

Mashavu, Tufaha ni bibi yetu. Pembeni kumeandikwa: "1884. Aliolewa na Mjaka wa Mkunguni, akasilimu." Unakumbuka alivyokuwa akiitika? Wenzake wakisema "abee", yeye "labeka", hata akiitwa na sisi vitoto. Tukidhani heshima. Kumbe ndivyo mtumwa alivyomwitikia bwana wake.

Kaka yako,
Usi

Kiponda,
13 Septemba 1956

Kaka Usi, shikamoo.

Miili yetu haijambo. Roho ndiyo haijatulia. Mwanaasha kaposwa na Zahor, mtoto wa Bi Bahiya. Nyumba ya ukoo ile, kaka. Mlango wake una misumari ya shaba kuliko meno yetu sote. Walipouliza asili tukasema Washirazi wa Mkunguni, watupu. Sasa Bi Bahiya anataka kufanya mandari huko mwezi ujao, wanawake na sufuria zao za biriani, na alione hilo kanisa. Zahor atamsomea kila kitu. Kijana yule husoma hata karatasi ya kufungia njugu. Akilikuta jina la babu yetu Mjaka pale, posa imevunjika na mwanangu kachekwa mji mzima.

Uchane ukurasa huo. Usinambie umeutupa, nakujua. Nataka uwe mkononi mwangu.

Mdogo wako,
Mashavu

Mkunguni,
27 Septemba 1956

Marahaba, Mashavu.

Goti halijambo. Ndani ya bahasha mna ukurasa wa tisa. Nimeukata kwa wembe, nikasema bismillahi. Sijui kama inafaa kwa kazi hiyo.

Leo alasiri nimeanika daftari. Nikasoma wa nane, nikafungua wa kumi na moja. Kabla sijatamka jina, wakaitika. Si mmoja. "Labeka, labeka", wanawake, wanaume, watoto, kama darasa. Karatasi ile, mbele na nyuma, ilikuwa na majina arubaini, na sisi haja yetu moja.

Nimekaa nje mpaka Magharibi. Viatu vyangu vimo ndani bado.

Kaka yako,
Usi

Mkunguni,
22 Oktoba 1956

Mashavu,

Sijapata jibu, nnakuombea afya. Bi Bahiya alikuja jana. Wenzake wakapakua biriani, yeye kaingia na Zahor, akafuta miwani, akasema, "Bwana Usi, nifungulie penye jina la Tufaha."

Nikauliza, "Tufaha yupi, Bi Bahiya?"

"Aliyekuwa akimsuka mama yangu nywele. Walikombolewa siku moja, kabla baba hajamuoa mama. Mama amekufa watu wakimwita Mama Bahiya. Jina lake hakunitajia. Alisema tu limeandikwa Mkunguni, karatasi moja na la Tufaha, na pembeni jina la baba yangu. Nnataka kumsomea hitima kwa jina lake. Miaka hamsini na minane nimejitia Mwarabu mtupu, baba. Nshachoka."

Zahor akapitisha kidole penye mkato. "Mchwa?"

"Mchwa," nikasema. Akautazama ule mkato ulionyooka kama rula, akalifunga daftari polepole. Ana malezi.

Majina arubaini nnayakumbuka yote, lakini lipi la mama yake? Ya pembeni sikuyashika. Posa ipo palepale. Mpe ukurasa dereva wa gari la shamba, upesi. Nimemwambia mama wa watu nitautafuta. Na wale humu ndani hawanyamazi tena, siku yoyote.

Kaka yako,
Usi

Kiponda,
26 Oktoba 1956

Kaka Usi, shikamoo.

Barua imefika, nimeisoma mara tatu. Sisi wazima. Mwanaasha anakusalimu, anauliza utavaa joho au kanzu tu. Bi Bahiya kaleta halua. Mvua za vuli zimeanza, dari inavuja upande wa ngazi. Goti lisugue mafuta ya karafuu.

Mdogo wako,
Mashavu

Ule ukurasa niliuwashia jiko, siku ileile ulipofika.