Mlango wa Mama Haumo Katika Katuni Yenu

Murara, Goma
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa mdogo wangu Gradi,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, na kwa jina la Mama pia, maana haipiti siku bila yeye kukutaja. Hujambo huko Brussels? Kifua kimepona, au bado unatembea kwenye baridi bila kofia? Sisi tu wazima. Mabomu ya upande wa Sake tunayasikia, na familia ya mjomba Barthélemy imeshuka kutoka Masisi, kwa hiyo tunalala tisa nyumba moja. Lakini tunakula, tunacheka, na cherehani yangu inalia kutwa.

Karatasi ya kampuni yenu imefika, ile ya kumwomba Mama aweke kidole ili jina na sura yake vitumike katika katuni yenu ya "Mlinzi wa Volkano". Umesema bila karatasi hiyo watamfuta mwezi ujao. Basi kabla ya kujibu tuliangalia vipindi vyote sita kwenye simu, tumebanana kitandani, Mama katikati na miwani yake.

Nianze na sifa, usije ukasema yaya, dada yako mkubwa, ana roho mbaya. Umechora vizuri, Gradi. Ule moshi wa mlima saa za jioni, mwekundu kwa chini, ni wenyewe kabisa. Watoto wanaongea kama watoto wa hapa. Adui hamkumvalisha nguo za askari, na kwa hilo nakushukuru sana, maana watoto wa mjomba waliangalia bila kujificha nyuma yangu. Na lile chukudu linaloruka! Mjomba, aliyesukuma mizigo kwa chukudu la mbao la magurudumu mawili miaka kumi, alicheka mpaka akakohoa.

Sasa kasoro. Huyo Mlinzi wenu anatoka wapi? Kila moto ukishuka anatokea mawinguni na joho lake la dhahabu, ananyoosha kiganja, na lava inasimama. Na sisi je? Tumepangwa pembeni tunapiga makofi, hata pua hamkutuchorea. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni wenu hata hodi hapigi.

Mlima nao mmeufanya shetani. Maharagi uliyokulia yalitoka kwenye udongo wake, na kuta za shule uliyosomea ni mawe yake. Tunauogopa, ndiyo, ila hatujawahi kuutukana.

Kilichonipandisha hasira hasa ni kipindi cha sita. Mlinzi amembeba Mama Umurerwa, huyu Mama yetu mliyemchora, mikononi, naye analia, anautazama mji unaungua, anasema hapa hapafai tena. Mama alivua miwani.

"Ule mutu wa kuruka, siku ile alikuwaka wapi? Miye sikumuona. Ananibeba sawa na muzigo? Miye ndiye nilibebaka mulango!"

Ulikuwa na miaka minne, nakusamehe. Ngoja nikukumbushe. Januari 2002, moto ulipoingia mjini, majirani walikuwa wanabeba magodoro na masufuria. Mama alichukua nyundo akang'oa mlango, ule wa mbao ngumu ya libuyu aliouchonga Papa kabla hajafa. Tukaulaza juu ya chukudu, wewe tukakukalisha juu yake, tukasukuma mpaka Keshero kwa shangazi. Njia nzima Mama hakuililia nyumba. Alilalamika kwamba ameacha maharagi jikoni na yataungua! Nikamwambia, Mama, nyumba yenyewe inaungua. Akanijibu kwamba nyumba itajengwa, lakini maharagi yale yalikuwa yamebakiza kidogo tu kuiva.

Tuliporudi, Murara yote ilikuwa mwamba mweusi, bado unachoma soli za viatu. Watu walihesabu hatua kuanzia ukuta wa kanisa uliobaki, kila mmoja akitafuta kiwanja chake. Mama alipokipata chetu aliusimamisha mlango juu ya lava, akaubana kwa mawe huku na huku. Mlango bila nyumba! Majirani wakija kutupa pole walibisha hodi pale, Mama akafungua, wakapita. Hakuna hata mmoja aliyezunguka kando. Wiki tatu tuliishi chini ya hema nyuma ya mlango ule, na hakuna aliyethubutu kusema kiwanja ni chake. Ndio mlango huu huu ninaoutazama nikikuandikia.

Mwaka 2021 moto ulipotoka tena, tulikimbia tena, tukarudi tena. Sasa watu wanatuuliza tunangoja nini hapa. Vita vikitufukuza kesho tutakimbia, miguu tunayo. Lakini "hapa hapafai" Mama hajawahi kutamka, na ninyi hamtamtamkisha.

Kwa hiyo nakurudishia karatasi yao ilivyokuja, bila alama yoyote. Papa Léopold, jirani yetu anayekuja huko, ataileta, ndege yake ni Jumanne. Ila Mama aliniamuru nichore, kwenye karatasi nyingine, mlango juu ya lava. Nimechora vibaya, sina mkono wako. Chini ya mchoro ameweka kidole chake, kwa masizi ya chungu cha maharagi.

"Umuambie wakiweka mulango, na jina waweke. Bila mulango, hapana."

Najua wakubwa wako watakasirika na kazi unaihitaji. Hata hivyo, gombana nao, Gradi. Ulipanda juu ya mlango huo ukapona.

Msalimie sana mkeo Jolie, na umbusu Laurence mdogo kwa ajili yangu. Shangazi wa Keshero na mjomba Barthélemy wanakusalimu. Bwana aliyetutoa motoni akulinde kwenye baridi hiyo. Siku utakayokuja, usiulize njia kwa mtu. Mlango ni ule ule. Piga hodi, Mama atafungua mwenyewe.

Ni mimi nikupendaye hata nikikugombeza,
Yaya Emerance