Darubini ya Gobore la Baba

Temeke, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Kwako Dada Skolastika,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kichwa chako kingali juu ya mabega, maana tangu niliposoma barua yako sina uhakika. Goti la Mama linaendeleaje? Watoto wameacha kukohoa? Na mpunga umeshaanza kuinamisha vichwa? Mimi mwili mzima, kazi ya utarishi ni ileile, kutwa kupanda na kushuka ngazi na mafaili ya watu. Lakini nimekasirika, dada, na nisipokwambia wewe nitamwambia nani? Kwa hiyo barua hii usimpelekee Mwalimu awasomee barazani. Isome peke yako, halafu ufanye ninavyokuomba.

Umeniandikia kwamba ulikuwa umeinama ukikata majani ya kuezekea dungu la kulindia shamba, Baba akadhani ni nguruwe, akafyatua gobore, risasi ikapita juu ya mgongo wako na kuvunja mtungi wa maji. Halafu ukaandika, “tukacheka sana.” Mlicheka nini? Maneno hayo niliyasoma nikiwa nimesimama dukani, nikasahau hata nilichokwenda kununua. Najua nguruwe wanamaliza shamba, najua bila mtu kukaa dunguni na bunduki hamtavuna hata debe moja. Lakini mpunga ukiliwa mwaka huu hupandwa mwaka ujao. Dada hapandwi.

Kisha mkakaa kikao, Baba, Baba Mdogo na wewe, mkaona dawa ni darubini ya bunduki, kwa kuwa Baba aliwahi kuchungulia kwenye ile ya Bwana Nyama, yule afisa wa wanyama pori, akamwona nyati wa ng’ambo ya mto mpaka kope. Mkauza mpunga wa akiba, mkampa dereva wa lori fedha aniletee pamoja na agizo: “Tafuta ya bei nafuu, lakini iwe nzuri.” Jamani! Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nimeinama mpaka kiuno kinaniuma, na mvunguni hamna kitu.

Nilianza na duka la mjini wanakonunua Wazungu. Karani wake ni Mgoa mmoja mwenye tai, hakunifukuza, ila aliniuliza kama hakimu.

“Darubini ya bunduki gani?”

“Ya baba yangu.”

“Baba yako sawa, lakini bunduki yenyewe ni ipi?”

“Gobore.”

Akamwita mwenzake aje asikie. Wakacheka wote wawili, nami nimesimama hapo na kofia yangu mkononi. Aliponitajia bei niliona ningemaliza kulipa ndevu zikiwa zimeshakuwa nyeupe. Kisha akaniambia kwamba gobore ni la kupiga karibu, darubini ni ya kupiga mbali, je, baba yangu anataka kupiga mbali? Nikamjibu kwamba anataka kumpiga nguruwe asimpige dada yangu. Hapo akaacha kucheka, lakini bei haikushuka.

Nikarudi huku kwetu kwa Mzee Saleh, Mwarabu mwenye duka la pembeni, ambaye babu yake aliuza chumvi mahali palepale anapouza yeye. Huyo hakosi kitu. Akaingia ndani, akatoka na darubini ya shaba ya kutazamia meli, ndefu kama mchi.

“Hii funga na waya juu ya gobore, mambo yamekwisha,” akasema.

“Gobore lina teke, Mzee Saleh. Itakaza kweli?”

“Itakaza. Isipokaza, ongeza waya.”

“Na jicho la mzee je? Si itamtoboa ikirudi nyuma?”

“Basi asogeze kichwa.”

“Akisogeza kichwa atalengaje?”

“Ah, mwanangu, mie nauza darubini. Kulenga muulize baba’ko.”

Alinikasirikia kabisa nilipokataa, mpaka leo ananipimia sukari huku mkono wake umeegemea mizani. Na kila mtu hapa mtaani ana shauri. Mmoja anasema nimtumie Baba mbwa. Mwingine anasema nguruwe wa bara wanaogopa vitunguu. Jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye hajawahi kushika hata manati, amenifundisha jioni nzima jinsi ya kuchagua kioo.

Halafu nikasikia kuna Mzungu anarudi kwao, vyombo vyake vitanadiwa upande wa kwenda Msasani. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda kwa miguu. Katikati ya sahani na vitanda ilikuwapo darubini ya bunduki ya kweli, nyeusi, na vishikio vyake vya chuma. Nikataja bei ndogo kwa aibu. Hakuna aliyeshindana nami, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka, lakini furaha ilikuwa imenipanda. Nyundo ikagongwa, ikawa yangu. Na mnadani, dada, ukishachukua umechukua.

Nilipofika njiani nikaiweka jichoni. Kote weupe. Nikaifuta kwa shati, nikatazama tena, weupe uleule. Ilikuwa saa sita mchana, jua la kupasua utosi, mbingu hazina hata wingu, lakini mimi nilikuwa naona minazi na watu kama waliosimama ndani ya ukungu wa alfajiri. Nikamtukana yule Mzungu, nikaitukana nyundo, nikajitukana mwenyewe, nikaenda moja kwa moja kwa Fundi Rashidi anayetengeneza saa. Akaifungua, akaipeleka kwenye mwanga, akatikisa kichwa.

“Kuvu limekila kioo,” akasema. “Unyevu wa pwani huo. Haisafishiki tena.”

“Lakini mbona kwa mbali naona kama ukungu tu, labda nikitazama jioni...”

“Ukungu upi, bwana? Nje kweupe. Ukungu umo humu ndani.”

Dada, nilikuwa nimefungua kinywa kulaani, nikakifumba. Nilimkumbuka Baba. Krismasi nilipokuja, nilisimama mlangoni mchana wa saa nane, akaniita kwa jina la Baba Mdogo, kisha akasema, “Ukungu leo umekuwa mwingi.” Tukaitikia wote, “Ndiyo, Baba.” Na siku ile ya mtungi, wewe mwenyewe umeandika kwamba mlikuwa mmeanika mbegu na jua lilikuwa kali, lakini Baba alisema ukungu ndio uliomponza. Mkaitikia tena! Ukungu gani unakaa shambani mchana kutwa? Hakuna hata mmoja wetu aliyethubutu kumwambia mzazi kwamba hakuna ukungu. Tumeona ni adabu. Adabu hiyo nusura ikuue, na ninapofikiria hivyo nataka kupiga ukuta.

Nimemweleza mama mwenye nyumba yangu, Bi Mwanaidi. Hakunicheka. Akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba mama yake mzazi alikuwa hivyohivyo, akigombana na mbuzi akidhani ni wajukuu, mpaka walipompeleka hospitali kubwa ya hapa, daktari akamwondolea utando huo machoni. Nilimwona bibi huyo kwa macho yangu, amekaa kibarazani anachagua mawe kwenye mchele, na akaniambia shati langu limepungukiwa kifungo.

Sasa sikiliza. Ukimwambia Baba aje Dar es Salaam kutibiwa macho, hatakuja. Unamfahamu wewe kuliko mimi. Atasema Bwana Shauri wa wilaya akisikia haoni atamnyang’anya kibali cha bunduki, na mtu aliyelinda mashamba ya kijiji kizima atakuwa mzee wa kushikwa mkono. Kwa hiyo mwambie hivi: darubini imepatikana, na huo si uongo, ninayo hapa chini ya mto wangu. Ila darubini hupimwa kwa jicho la mwenyewe, lazima aje nalo hilo jicho. Gobore amwachie Baba Mdogo, halitakiwi safarini. Fedha zilizobaki nimempa dereva yuleyule, nimeongezea kidogo kutoka kwenye akiba yangu ya baiskeli. Zinatosha lori mpaka Kilosa na treni mpaka hapa. Nitakuwa stesheni. Akishafika, nitamwambia kweli mwenyewe, uso kwa uso, na akinipiga na anipige, mradi ataniona anaponipiga.

Msalimie Mama, mwambie asimfungashie Baba kuku hai kama safari ile. Msalimie Baba Mdogo, naye apige debe tupu huko dunguni kuwatisha nguruwe, asijaribu ushujaa. Shemeji mwambie baiskeli yetu itachelewa. Mwalimu mpe salamu, na akiuliza barua imesema nini, mwambie imesema darubini ni ghali.

Jambo la mwisho, na hili usilifanyie mzaha. Mpaka siku Baba atakapopanda lori, usivae ile kaniki nyeusi shambani. Vaa ile kanga nyekundu niliyokuletea. Na kila unapoinama, imba. Masikio yake bado ni yaleyale, na sauti yako anaijua tangu ungali mgongoni kwa Mama. Imba kwa nguvu, dada, usinyamaze hata kidogo.

Ni mimi mdogo wako anayekusikiliza kutoka mbali,

Fidelis