Sarafu Mbili kwa Lita

Chumba cha Juu,
Nyuma ya Stendi ya Teksi,
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa nane.

Mpendwa Dada,

Nakusalimu kwa moyo mweupe, na kabla ya yote nakuuliza: mgongo umepoa? Na lile koo linalokusumbua kila baridi ikianza? Shemeji hajambo, au bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Sisi huku tu wazima. Mama yuko salama, macho tu ndiyo yanamsumbua, ingawa ya kuona vumbi kwenye meza yangu bado anayo.

Barua yako ilinifikia Jumanne iliyopita nikiwa kazini. Niliisoma nimeegemea pampu namba moja, nikaikunja, nikaifungua nikaisoma tena. Unasema bei ya petroli huko imepanda mpaka watu wa mtaa wenu wanaitisha mikutano ya kususia vituo vya mafuta, nawe umeombwa ujiunge. Ukaniuliza mimi, niliyeshika mpira wa pampu miaka tisa, kama kususia kunashusha bei kweli. Umeuliza mahali pake, Dada. Sisi tumelifanya jambo hilo, na aliyelianzisha ni mume wangu.

Unamjua shemeji yako na mdomo wake. Madereva wenzake wa teksi wanamwita Breki, kwa sababu akianza kusema hana. Bei ilipopanda mara ya tatu ndani ya mwaka, alipanda juu ya kreti pale stendi akatangaza kwamba Jumatano nzima mtu asinunue hata tone. Wakampigia makofi. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na sare yangu ya kazi, nikapiga makofi pia.

Sasa Jumanne yake, sijawahi kuona kitu kama kile. Walikuja wote. Wenye teksi, wenye pikipiki, mwalimu na gari lake la kusukumwa, wote wanajaza matangi ili Jumatano wasusie vizuri. Breki mwenyewe alijaza tangi na madumu mawili, akaenda kulala kwa raha zake kama mtu aliyekwisha kushinda. Tuliuza kuliko siku yoyote tangu niajiriwe. Meneja alitununulia soda.

Lakini ile Jumatano yenyewe, acha nikusimulie, maana bado naiota. Hakuja mtu. Jua lilipanda juu ya bati, sakafu ya saruji ikaanza kutoa ule mvuke unaofanya barabara ionekane ina maji. Tarakimu za pampu zilisimama kwenye sifuri. Nilisikia njiwa wakitembea juu ya paa. Nikawaza mafuta yaliyolala chini ya miguu yangu, huko gizani kwenye tangi, yametulia, hayajui yanauzwa bei gani, nikaona kama nimesimama juu ya ziwa. Unajua kichwa changu kinavyopenda kupaa. Niliuona mji mzima unatembea kwa miguu, watu wanasalimiana, hakuna honi, na wewe unatokeza kwenye kona na sanduku lako mkononi, umekuja taratibu kutoka huko huko uliko.

Mwenzangu wa pampu namba mbili, yule Mama Pacha anayewalea mapacha wake peke yake, aliniuliza kama nimelala macho wazi. Nikamwambia kidogo. Naye akakaa chini karibu yangu, tukatazama pampu zilizolala mpaka zamu ikaisha.

Alhamisi walianza kurudi mmoja mmoja, na bei ilikuwa ileile. Hata lita moja haikubaki bila kuchomwa wiki ile. Jumatano walikuwa wakiendesha kwa mafuta ya Jumanne, basi.

Breki hakukata tamaa. Alifikiri wiki nzima, akaja na shauri jingine: waachane na habari ya siku, wachague kituo kimoja chenye bei ya juu kuliko vyote, wakisusie mpaka kishushe. Kikishusha, vingine vitafuata. Jioni ile alikaa kwenye ukingo wa kitanda akivua viatu polepole mno, nikajua kuna neno. Kituo chenye bei ya juu kuliko vyote ni chetu. Alisema nikikataa, ataliacha jambo hilo, na nadhani alisema kweli.

Dada, sikukataa. Nilikuwa bado na ile Jumatano kichwani, tena niliona aibu kuwa kikwazo cha stendi nzima. Nikamwambia wachague bila kuniangalia usoni. Kazi yangu niliiweka mezani kwa mikono yangu mwenyewe, na sikujua kwamba nimeiweka.

Wiki tatu tukakaa Mama Pacha na mimi tukilinda uwanja mtupu. Nilifagia mpaka saruji ikang'aa. Nilipangusa pampu kwa vitambaa kama mtu anayeogesha mtoto. Ukimya ule niliupenda, nakiri. Kuna asubuhi nilijikuta nimesimama nimeshika mpira, gari halipo, na sikumbuki nimesimama hivyo kwa muda gani.

Lori la mafuta lilikuja mara moja tu. Dereva wake, mtu mnene mpenda mizaha, alitumbukiza kijiti cha kupimia kwenye tangi letu, akaona limejaa, akacheka. Nikamuuliza hayo aliyonayo atayapeleka wapi. Akasema kituo cha pili, pale kwenye foleni. Mafuta ni yaleyale na bohari ni lilelile, yeye kazi yake ni kukata kona tu. Na hicho kituo cha pili, kwa kuwa foleni ilikuwa imefika mpaka kwa fundi cherehani, kilikuwa kimepandisha bei kimyakimya. Nilimwambia Breki hayo yote. Akaniomba nisimvunje moyo, nami nikaliacha hapo.

Alhamisi iliyopita, siku mbili baada ya barua yako, meneja alituita ofisini, kile chumba chenye feni inayolia. Mtu mbaya si yeye. Alikuwa hajanyoa ndevu siku kadhaa. Alitunyooshea kidole chake cha mwisho, akatuonyesha ukucha.

"Bei mimi naletewa," alisema. "Kwenye lita moja, changu ni kama hiki hapa. Nikitaka kushusha, cha kupunguza ninacho kimoja tu, nacho ni mshahara wa mtu."

Kesho yake angeshusha sarafu mbili kwa kila lita, na mwisho wa mwezi, mmoja wetu angeondoka. Hakuweza kumtaja ni nani. Alitoka nje, akatuachia tuamue wenyewe.

Mama Pacha alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuniomba kitu, na hilo ndilo lililonimaliza. Niliwafikiria wale mapacha wanavyokuja kumsubiri mchana na mabegi yao yanayofanana. Nikafikiri pia kwamba mgomo ule ulitoka nyumbani kwangu, kwenye kitanda changu. Meneja aliporudi nilimwambia nitaondoka mimi. Mama Pacha alishika pindo la sare yangu, na hakuliachia mpaka tulipofika nje kwenye mwanga. Naipenda kazi ile, Dada. Breki sijamwambia, lakini ni lazima mtu mmoja ajue.

Ijumaa asubuhi nilipanda ngazi mwenyewe kubadilisha tarakimu za bei kwenye ubao. Sijafika chini nikasikia honi. Teksi ya Breki ilikuwa mbele, na nyingine saba nyuma yake, taa zote zinawaka mchana kweupe. Alisimama kwenye pampu yangu, akataka tangi lijae. Tangu mwaka uanze, ukiacha ile Jumanne, mume wangu huomba mafuta ya kumfikisha jioni tu. Nilitia mpira, nikatazama tarakimu zikikimbia, na sauti za watu zikawa kama zinatoka nyumba ya jirani.

Alitoa kichwa dirishani. Macho yake yalikuwa yamelowa, mtu mzima yule.

"Mke wangu, umeona? Tumeshusha bei."

"Mmeshusha," nikamjibu.

"Sema tumeshusha. Na wewe umo."

Nikasema tumeshusha, na mimi nimo. Nikafunga kifuniko cha tangi, nikampigia gari kofi mgongoni, akaondoka akipunga mkono kama bwana harusi. Mama Pacha aligeuka akatazama ukutani.

Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo. Bei inaweza kushuka, yetu imeshuka, kwa sarafu mbili. Huko juu inakotoka hakuna aliyetusikia. Hata dereva wa lori hakulazimika kubadilisha gia. Imeshuka pale ilipoweza kushuka, kwetu. Mkikutana huko mtaani, kabla hamjachagua kituo, simama uulize nani anashika mpira pale. Na kama watu wanataka kweli mafuta yapungue kuuzwa, basi waache magari nyumbani siku hiyo na watembee. Hilo sisi hatukulijaribu, ila mimi nililiona katika ile ndoto yangu ya mchana, na lilikuwa zuri mno.

Msalimie sana Shemeji, na binti yako mkubwa, na wale wakorofi wawili. Mwambie mdogo kabisa kwamba picha yake ya tembo mwenye viatu nimeibandika mlangoni. Mama anakusalimu na anauliza kama unavaa soksi. Mjomba fundi saa naye anasema umemtupa, hujamwandikia tangu mwaka jana.

Mungu akukinge na baridi ya huko, akupe usingizi usio na maumivu, atukutanishe tukiwa bado na meno ya kuchekea.

Jambo la mwisho. Jumamosi ukipiga simu, atakayepokea ni Breki, na atakuhadithia tangu mwanzo jinsi alivyoshusha bei. Msikilize mpaka amalize, umpongeze. Mimi nitamwambia mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Mwache kwanza, ana furaha.

Ni mimi wako nikupendaye, karibu na mbali,
Kitindamimba wenu.