Nyumba Saba kwenye Waya Mmoja

Shule ya Shambani,
Sanduku la Posta, Subukia,
Nakuru, Kenya.

9 Machi 1957

Mpendwa ndugu yangu Kimutai,

Pokea salamu zangu na za wote wa hapa nyumbani. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje katika baridi hiyo? Mwezi wa kwanza uliandika kwamba unalala na koti. Natumaini mwenye nyumba wako amekuongezea blanketi, na kwamba masomo hayajakukondesha. Sisi hatujambo, na safari hii siandiki neno hilo kwa mazoea. Mkeo Rahab hajambo. Mtoto hajambo. Mama hajambo, isipokuwa magoti yake unayoyajua.

Barua yako ilifika Alhamisi. Nimewasomea, na Rahab amenirudisha kwenye ukurasa wa pili mpaka nimeukariri. Najua telegramu yangu ilikuacha na wasiwasi. Kumwambia mtu aliye mbali kwamba mkewe amejifungua salama kwa upasuaji ni kumpa furaha na hofu katika bahasha moja.

Unauliza kwa nini hatukupiga simu mapema, kama mnavyofanya huko Uingereza. Unasema mtu huingia katika kibanda chekundu, akazungusha tisa mara tatu bila kutia hata senti, na sauti ikamuuliza kama anataka polisi, zimamoto au gari la wagonjwa. Nilipofika hapo Mama aliguna. "Sauti ya nani?" akauliza. "Haijui huyo mtu ni wa ukoo gani, na bado inamletea gari?" Nilimwambia ndivyo ulivyoandika. Akasema labda wewe ulikuwa umechoka siku hiyo.

Huku kwetu, ndugu yangu, simu si kitu kimoja. Mjini Nakuru ukiinua mkonga wa simu, opereta anakuuliza namba. Ukisema hospitali, anakuunganisha. Kule Elburgon, Mjomba Kimaiyo ananiambia simu ya stesheni ya reli huzungumza na stesheni nyingine tu. Mtu akiangukiwa na gogo kwenye kiwanda cha mbao, wenzake hukimbia mpaka stesheni, stesheni ikaiambia ya Nakuru, na huko mtu mwingine akakimbia hospitali. Simu iko katikati, miguu iko pande zote mbili.

Hapa kwetu ni nyumba saba za wazungu kwenye waya mmoja. Ukizungusha mpini wa simu, kengele hulia katika nyumba zote. Kila nyumba ina mlio wake: wa nyumba ya Bwana, mwenye shamba letu, ni miwili mirefu na mmoja mfupi. Ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali, unamwita karani wa posta akuunganishe na Nakuru, na posta hufungwa Jumamosi adhuhuri mpaka Jumatatu.

Rahab alishikwa na uchungu Jumapili alfajiri. Mpaka watu wanatoka kanisani mtoto alikuwa hajashuka. Mama alimpapasa tena, akatoka nje akanawa mikono polepole, akaniambia mtoto amekingama, na kwamba mkono ndio uliotangulia. "Hii imenishinda," akasema. Kimutai, wewe unajua ni watoto wangapi wa shamba hili waliopokelewa na Mama. Sijawahi kumsikia akisema neno hilo. Alisema tukingoja jua lizame tutazika wawili.

Bwana na Memsab walikuwa wamekwenda Nakuru kwenye mashindano ya farasi, na lori la shamba lilikuwa limewapeleka watu wa hapa mpira huko Bahati. Nilikimbia mpaka nyumba kubwa. Hezekiah, yule mpishi wao mwenye mvi, alikuwa amekaa barazani na funguo kiunoni.

"Mwalimu, simu ni ya Bwana," akaniambia. "Hata mimi huigusa na kitambaa tu."

"Basi nipe kitambaa," nikamjibu.

Alinitazama, nadhani akaona uso wangu, akafungua mlango. Nilizungusha mpini kuita posta mpaka mkono ukauma. Kimya. Nilijua itakuwa kimya, lakini mtu hujaribu mlango uliofungwa hata akiwa ameona kufuli.

Kulikuwa na njia moja ambayo kila mtu anaijua. Tangu hali ya hatari itangazwe, wazungu wa waya huu walikubaliana kwamba mlio usiokatika maana yake nyumba imevamiwa, na kila mwanamume achukue bunduki aje. Msitu umetulia sasa, lakini mapatano hayo hayajafutwa. Nilishika mpini nikafikiri. Wangekuja, ndiyo, na magari. Lakini wangefika wakimtafuta mtu wa kumpiga risasi, na wangemkuta Hezekiah barazani na mimi ndani ya nyumba isiyo yangu. Nikauacha mpini. Hilo ndilo jambo lililonichoma zaidi, ndugu yangu: kwamba waya ule ulikuwa na mlio wa kuitana kuua, na haukuwa na mlio wa mwanamke anayekufa kwa uzazi.

Nadhani nililisema kwa sauti, maana Hezekiah alijibu. "Mlio hauna," akasema. "Lakini masikio wanayo. Huyu Memsab wetu, kengele yake ikilia anakwenda kwa miguu. Ya mwenzake ikilia, anakimbia."

Mimi pia nilikuwa nimemwona. Kila ninapokwenda kuomba chaki, humkuta ameinua mkonga kwa mlio usio wake, kiganja kimefunika mdomo wa simu. Kama yeye hufanya hivyo, na wale wengine je? Nikamuuliza Hezekiah ni nyumba gani haina mtu. Akasema ni ile ya juu kilimani. Wenyewe wamekwenda likizo Ulaya tangu Krismasi, na bonde lote linajua. Mlio wao ni mfupi, mrefu, mfupi.

Niliuzungusha huo. Nilitaka kila mtu ajiulize ni nani anayepigia nyumba tupu Jumapili mchana.

Wakaja kwenye waya. Nilisikia mkonga wa kwanza ukiinuliwa, tiki, kisha wa pili, kisha mingine. Nilisikia saa ya ukutani ya mtu, bata mahali fulani, na pumzi. Kadiri wanavyoinua wengi ndivyo waya unavyopoteza nguvu, kwa hiyo nilipaza sauti. Nilisema kwa Kiingereza kwamba mimi ni mwalimu wa shule ya shamba, kwamba najua wananisikia, na kwamba mke wa ndugu yangu anakufa kwa sababu mtoto amekingama na hatuna gari. Nikataja shamba letu. Nikatega sikio.

Tiki. Mmoja akarudisha mkonga. Tiki, mwingine. Waya ulikuwa unapata nguvu, na kila nguvu uliyopata ilikuwa mtu aliyetukimbia. Niliwachukia, Kimutai. Nilimwomba Mungu na kuwachukia katika pumzi moja, nikasema tena, "Tafadhali."

Ndipo sauti ya mwanamke mzee ikanijibu kwa Kiswahili chao cha jikoni: "Mimi hapana sikiliza, eh? Mimi napanguza simu."

Ni yule tunayemwita Memsab Bata, mjane anayefuga bata chini ya kijito. Nilimwambia ndiyo Memsab, unapanguza simu. Kabla hajasema tena, sauti ya mwanamume wa nyumba nyingine ikaingia kwa Kiingereza, ikicheka: "Bi mkubwa, mwaka mzima unapanguza simu! Lazima inang'aa kuliko zote."

"Na wewe unafanya nini kwenye simu ya nyumba ya watu walio Ulaya?" Memsab Bata akamjibu. "Umekwenda kumwagilia maua yao? Panda farasi ukamtoe yule karani kwake afungue posta! Awaambie hospitali naleta mtu wa kupasuliwa!" Kisha akanigeukia mimi: "Wewe, mwalimu. Lete huyu mama barabarani. Hapana ngoja mimi mlangoni."

Tulimbeba Rahab juu ya mlango wa ghala. Landrova ya Memsab Bata ilikuja na vumbi nyuma kama moto wa nyika. Mama alikaa naye kwenye magunia, ameushika ule mkono mdogo kwa kitambaa cha maji ya moto, na mimi nilikaa mbele. Bibi yule aliendesha huku akitukana kila shimo kwa jina lake. Tulipofika hospitali, daktari alikuwa amekwisha kusimama nje ya mlango na machela. Karani alikuwa ametolewa kwake, akafungua posta na kuwaita. Kabla jua halijazama nilimsikia mwanao, na baadaye kidogo muuguzi akatoka akasema mama pia amepona.

Nilikaa chini kwenye saruji nikalia. Memsab Bata alinipa leso yake, akasema inanuka bata, nisijali.

Niliogopa sana kwa ajili ya Hezekiah. Bwana aliporudi, nilingoja kuitwa. Sikuitwa. Hezekiah ananicheka: "Nani atanishitaki, Mwalimu? Atakayesema simu ilitumika itabidi aseme alijuaje." Waya mzima unajua, na waya mzima umenyamaza. Memsab wetu alimpelekea Rahab sukari na shali, akasema alisikia habari "huko mjini".

Mtoto ana kichwa chako, maskini. Kwa kuwa mvua bado imekataa, Mama amemwita Kipkemei, mzaliwa wa kiangazi, na jina la ubatizo limebaki kwako; usichelewe kulituma. Kovu la Rahab limefunga. Hanyanyui maji bado, na mimi namtekea mapema kabla ya shule.

Uliandika kwamba kama ungejua, usingepanda meli ile. Usijilaumu kwa hilo. Nilimuuliza Rahab anataka nikuandikie nini kwa niaba yake. Alikuwa amekaa nje kwenye jua, mtoto amelala kifuani. Alimfunika mtoto miguu kwa ile shali. Kisha akasema, "Mwambie nipo."

Mama anakusalimu na anakuombea kila jioni. Mjomba Kimaiyo anakusalimu. Hezekiah anakusalimu kwa heshima zote. Watoto wa darasa langu wanauliza kama theluji inaliwa. Mungu aliyetupitisha Jumapili ile akulinde katika mji huo wa baridi, akakurudishe mlangoni kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bila kupungua,

Cheptoo