Taazia ya Bi Zuhura

Jumanne, mjini Hail

Mpole! Bi Zuhura, mpole!

Miaka yote tuliyofundisha pamoja uandishi wa kazini, sijapata kumwona akimaliza somo bila ya kumgombeza mtu. Barua yangu ya kwanza pale chuoni aliikata yote kwa wino mwekundu. "Umeandika wewe hii? Mbona sikuoni humu ndani?"

Tumemzika juzi. Leo wanafunzi wetu wameleta taazia msibani, imepangika, haina kosa hata moja. Nikamuuliza Yusra nani kaandika.

"Akili bandia, mwalimu. Sisi tumeipa jina lake na kazi yake tu."

Hakuona haya, na kwa nini aone? Ndivyo chuo kinavyotaka siku hizi, na mimi ndiye nnayewafundisha. Kwa vipimo vyetu, ile taazia ningeipa alama zote.

Dada wa marehemu, Bi Sharifa, haoni tena vizuri, akataka nimsomee. Nikasoma: mpole, mwenye subira, kigezo kwa wote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kajiziba mdomo kwa kanga.

"Maneno mazuri, mwanangu," akasema. "Kwani huyo aliyekufa nani?"